Kuipima Bahari si Kukosa Imani

Tarehe 26 Desemba 2004 ilikuwa Jumapili, siku ya pili ya Krismasi. Alfajiri ya siku hiyo, saa 10 kasoro dakika mbili kwa saa za Afrika Mashariki, sakafu ya bahari ilipasuka magharibi mwa kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia kwa tetemeko la ukubwa wa 9.1. Sisi tulikuwa bado tumelala. Tulipokuwa katika ibada ya asubuhi tukiimba nyimbo za Noeli, maji yalikuwa yamekwisha kuua maelfu ya watu huko Aceh, Thailand na Sri Lanka, na wimbi lilikuwa njiani kuja kwetu. Lilifika mchana. Somalia ilipoteza watu wapatao 300. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, na Kenya alikufa mmoja. Kuzunguka bahari yote ya Hindi, idadi ya waliokufa ilikaribia 230,000.

Baada ya siku ile wengi wetu tulimshukuru Mungu kwamba ametuepusha. Kushukuru si kosa. Lakini mkristo anaposema kwamba Mungu ameiepusha Tanga na Dar es Salaam, ni lazima ajiulize anasema nini kuhusu Banda Aceh. Je, watu wa kule hawakuwa wa Mungu? Na swali la pili ni hili: tukiisha kusema kwamba tumeepushwa, je, tumemaliza wajibu wetu? Wapo waaminifu wanaoamini kwamba kuuliza bahari inaweza kufika wapi, na lini, ni kuingilia mambo ya Mungu. Wapo pia wanaoona kuwa hiyo ni kazi ya wataalamu peke yao, isiyolihusu Kanisa. Katika insha hii tunataka kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba maoni yote mawili yana kasoro, na kwamba watumishi wa Kanisa waliwahi kushika nafasi ya heshima katika kazi hiyo.

Tuanzie Ureno. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wa Lisbon walikuwa makanisani asubuhi wakati mji ulipotikiswa na tetemeko kubwa. Makuta na mapaa yaliwaangukia waumini. Waliotoka salama wengi walikimbilia mahali pa wazi kando ya mto Tagus, pasipo na majengo ya kuwaangukia. Walifikiri ni pahali pa usalama. Muda usiofika saa moja baadaye, maji yalipanda kutoka baharini yakawachukua. Kisha moto, ulioanzia katika mishumaa na majiko, uliteketeza mji kwa siku kadhaa. Makumi ya maelfu walikufa.

Mahubiri yaliyofuata yanajulikana. Padre Gabriel Malagrida, Mjesuiti aliyekuwa na sifa ya utakatifu, aliandika mwaka 1756 kwamba sababu ya maafa ni dhambi za mji na si mambo ya asili, na akawalaumu watu walioshughulika na kujenga mahema na vibanda badala ya kutubu. Wahubiri wa Kiprotestanti katika nchi za kaskazini hawakuwa na hekima zaidi. Baadhi yao walisema Lisbon imepigwa kwa sababu ni ya Kikatoliki. Kila upande ulijua dhambi ya mtu mwingine.

Lakini lipo jambo la pili kutoka Lisbon ambalo halisimuliwi sana makanisani. Waziri wa mfalme, Sebastião José de Carvalho e Melo, aliyekuja kuitwa Markizi wa Pombal, aliagiza mwanzoni mwa mwaka 1756 orodha ya maswali ipelekwe katika parokia zote za nchi. Tetemeko lilianza saa ngapi, na lilidumu kwa muda gani? Wamekufa watu wangapi? Bahari ilianza kwa kupanda au kwa kushuka? Ilipanda kiasi gani kuliko kawaida, na mara ngapi? Chemchemi na visima vilibadilika? Waliopaswa kuyajibu walikuwa mapadre wa parokia. Kila mmoja alikwenda kwa watu wake, akauliza, akaandika.

Majibu hayo yamehifadhiwa hadi leo katika Hifadhi ya Taifa ya Ureno, na wataalamu wa karne yetu wameyatumia kukisia mahali tetemeko lilipoanzia na kimo cha maji katika kila kijiji cha pwani. Mapadre wale wa vijijini, wengi wao wasiojulikana kwa majina mahali pengine popote, ni miongoni mwa watu wa kwanza duniani waliopima hatari ya tsunami kwa utaratibu. Hawakuacha kuzika wafu wala kuombea wenye huzuni. Lakini walipoulizwa maji yalifika wapi, hawakujibu kwa kutaja dhambi za watu. Walitaja mahali maji yalipofika.

Bwana wetu mwenyewe alipoambiwa habari za watu waliokufa vifo vya ghafla, alikumbusha juu ya wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa kabisa kuwahesabu kuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu (Luka 13:1–5). Aliwaita wasikilizaji watubu, lakini hakuwaruhusu wawahukumu wafu. Kwa neno hilo Malagrida hana pa kusimama, na sisi tuliojihesabu kuwa wateule wa mwaka 2004 hatuna pia.

Sisi Walutheri tunao ushuhuda mwingine karibu zaidi. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Martin Luther alibaki mjini kuhudumia wagonjwa, na katika mwaka huohuo akamwandikia Johann Hess, mchungaji wa Breslau, aliyetaka kujua kama mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni. Luther alijibu kwamba mwenye wajibu kwa wengine, kama mchungaji au kiongozi wa mji, asiwaache. Lakini aliwakemea pia watu wa aina nyingine: wale wanaodharau dawa na tahadhari kwa madai ya kumtegemea Mungu. Hao, alisema, hawamwamini Mungu, bali wanamjaribu. Yeye mwenyewe alikusudia kuomba, kisha kufukiza nyumba, kutumia dawa, na kutokwenda mahali asipohitajika, asije akawa sababu ya kifo cha jirani yake. Sala na tahadhari vilikuwa katika aya moja ya barua yake. Huo ndio urithi wetu, na tunapaswa kuutumia baharini kama alivyoutumia yeye katika tauni.

Basi, hatari ya bahari inapimwaje? Njia ya kwanza ni kukumbuka, na hapa Wajapani wametuachia mafunzo mawili, moja la faraja na moja la uchungu. Katika pwani ya Sanriku, kaskazini mashariki mwa Japani, tsunami ya tarehe 15 Juni 1896 iliua watu wapatao 22,000. Tetemeko lililoitangulia lilikuwa hafifu, kwa hiyo wengi hawakushtuka. Tarehe 3 Machi 1933 bahari ilirudi na kuua watu wapatao 3,000. Katika kitongoji kidogo cha Aneyoshi walibaki watu wawili tu mara ya kwanza, na wanne tu mara ya pili. Baada ya hapo wakazi walisimamisha jiwe juu ya mteremko, wakaandika humo agizo la kutojenga nyumba chini yake. Tarehe 11 Machi 2011 ilipokuja tsunami kubwa kuliko zile, maji yalipanda bonde la Aneyoshi hadi karibu mita 40 juu ya usawa wa bahari, yakakoma chini kidogo ya lile jiwe. Nyumba zilizojengwa juu yake zilisalimika. Tunakumbuka mawe 12 ambayo Yoshua aliyasimamisha huko Gilgali, ili watoto wa baadaye waulize maana yake na wazazi wawe na la kuwaeleza (Yoshua 4). Jiwe lina faida pale tu panapokuwa na mtoto wa kuuliza na mzazi wa kujibu.

Funzo la uchungu ni la siku ileile. Kusini ya Aneyoshi, katika mji wa Ishinomaki, palikuwa na shule ya msingi ya Okawa. Ramani rasmi ya hatari iliiweka shule hiyo nje ya eneo la kufurika, na tena ilitajwa kuwa mahali pa kukimbilia. Ardhi ilipotikisika saa 8:46 mchana, walimu waliwakusanya watoto uwanjani, na walikaa hapo karibu dakika 50 wakijadiliana waende wapi, ingawa kilima kilikuwa nyuma ya shule. Watoto 74 na walimu 10 walipotea. Baadaye mahakama iliamua kwamba uongozi ulipaswa kuiona hatari hiyo mapema, kwa sababu shule ilikuwa kando ya mto, na ramani peke yake haikuwa udhuru. Ramani ilichorwa kwa kufuata mawimbi ambayo watu waliyafikiria. Wimbi lililokuja lilikuwa kubwa zaidi.

Je, lingeweza kufikiriwa? Ndiyo. Kitabu cha kale cha matukio ya Japani kilisimulia kwamba mwaka 869, katika enzi iliyoitwa Jogan, bahari iliingia bara karibu na Sendai na kuzamisha watu wapatao 1,000. Kuanzia karibu mwaka 1990 wanajiolojia walichimba katika mashamba ya mpunga wakakuta tabaka la mchanga wa bahari, kilomita kadhaa kutoka pwani, likithibitisha maneno ya waandishi wale. Onyo liliandikwa mara mbili: mara moja kwa wino na mara nyingine kwa mchanga. Lakini halikuwahi kuingia kwa wakati katika ramani za shule wala katika ukuta wa kinu cha nyuklia cha Fukushima, kilichokuwa kimejiandaa kwa maji ya mita zisizozidi sita hivi, kikapata zaidi ya mara mbili ya hizo. Tume ya Bunge la Japani ilitamka mwaka 2012 kwamba ajali ya kinu hicho ilikuwa kazi ya mikono ya wanadamu. Maneno hayo hayakusemwa na wahubiri, lakini wahubiri wanapaswa kuyasikia. Tunapoyaita mambo yote mapenzi ya Mungu, mara nyingine tunaficha uzembe wetu nyuma ya jina lake.

Wapo pia waliokumbuka bila vitabu. Watu wa kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na mahali pa tetemeko la 2004, walipigwa na tsunami mwaka 1907. Tangu hapo bibi na babu waliwasimulia wajukuu juu ya smong, neno lao la wimbi hilo: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikirudi nyuma, acha kila kitu, panda mlimani. Mwaka 2004 wimbi lilifika kaskazini mwa kisiwa baada ya dakika kama nane tu. Hakukuwa na king'ora wala simu ya onyo. Kati ya watu wapatao 78,000 walikufa saba. Hatujui kazi nyingine ya hadithi za jioni iliyookoa watu wengi kiasi hicho kwa siku moja.

Sasa turudi nyumbani. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mwambao wetu hauna historia ya namna hiyo. Mwaka 2020 watafiti, akiwemo Vittorio Maselli wa Chuo Kikuu cha Dalhousie nchini Canada na mwanaakiolojia Elinaza Mjema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha matokeo ya uchimbaji wao katika ghuba ya Pangani, mkoani Tanga. Chini ya ardhi walikuta mabaki ya kijiji cha wavuvi cha miaka 1,000 hivi iliyopita, na juu yake tabaka la mchanga lililoletwa na bahari. Ndani ya mchanga huo ilikuwamo mifupa ya watu wengi, wa umri mbalimbali. Hawakuwa wamelazwa kama inavyolazwa maiti kaburini, wala mifupa haikuonyesha kwamba waliuawa vitani. Watafiti walipopima umri wa tabaka hilo na kulilinganisha na matabaka mengine kuzunguka bahari ya Hindi, pamoja na yale ya Aceh, waliona kwamba maelezo yanayofaa ni moja: tsunami iliyovuka bahari nzima. Hitimisho lao lilikuwa kwamba hatari kwa Afrika Mashariki ni kubwa kuliko tulivyodhani.

Hatujui majina ya watu wale wa Pangani. Lakini walikuwa majirani zetu, waliotandaza nyavu mahali palepale ambapo leo wavuvi wa Pangani wanazitandaza. Hakuna jiwe lililosimamishwa kwa ajili yao, wala hadithi iliyotufikia. Ushuhuda wao umehifadhiwa na mchanga.

Ushuhuda huo unabadili hesabu yetu ya mwaka 2004. Tunaelewa sasa kwa sehemu kwa nini tulipona siku ile. Mpasuko wa Sumatra ulikuwa mrefu kutoka kusini hadi kaskazini, na maji husukumwa kwa nguvu zaidi kuelekea pande mbili za mpasuko. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ilielekea Thailand upande mmoja, na Sri Lanka, India na Somalia upande wa pili. Mpasuko katika sehemu nyingine ya ukingo huohuo waweza kuelekeza maji kwingine. Tena siku ile mwezi ulikuwa mpevu na bahari ilikuwa ya bamvua, wakati ambapo tofauti ya maji kupwa na kujaa kwetu hufika mita tatu na zaidi. Lakini wimbi la kwanza halikutukuta maji yakiwa yamejaa. Saa chache zingetosha kubadili habari. Mungu anatawala mwezi na bahari, na tunamshukuru. Ila hakutuahidi kwamba kila wimbi litafika saa ileile.

Kwa lugha rahisi, kupima hatari kunajibu maswali manne. Wimbi laweza kutoka wapi? Kwa upande wetu ni hasa Sumatra, na pia Makran, pwani ya Pakistani na Irani, ambako tsunami ilitokea mwaka 1945. Litafika baada ya muda gani? Katika kina cha mita 4,000 wimbi husafiri kilomita 700 hivi kwa saa, kwa hiyo kutoka Sumatra tunazo saa nyingi za kujiandaa. Litapanda hadi wapi? Hilo hutegemea umbo la ghuba, miamba ya matumbawe, mikoko na hali ya maji kujaa na kupwa. Na swali la nne, ambalo ndilo la Kanisa zaidi: nani anaishi hapo? Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni tano katika mkoa wa Dar es Salaam pekee. Nani kati yao ni mzee asiyeweza kutembea? Zahanati iko wapi, shule ya awali iko wapi, soko la samaki lina watu wangapi saa tatu asubuhi? Maswali haya hayahitaji satelaiti. Yanajibiwa na mtu anayewajua watu kwa majina.

Hapa pana tofauti moja kati yetu na Simeulue ambayo hatupaswi kuisahau. Tetemeko la mbali hatutalisikia miguuni. Ardhi yetu itatulia, jua litawaka, na wimbi litakuwa linakuja. Ishara zetu ni mbili tu: bahari kurudi nyuma ghafla kupita ilivyo kawaida ya kupwa, na habari kutoka mbali. Kwa ajili ya hiyo ya pili, nchi za bahari ya Hindi zilianzisha mfumo wa pamoja wa tahadhari kuanzia mwaka 2005 chini ya UNESCO. Vituo vya Australia, India na Indonesia hutuma taarifa, na kwetu hupokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Lakini taarifa ikifika ofisini haijafika ufukweni. Katika maili ile ya mwisho, kutoka simu ya ofisa hadi kwa mama anayekaanga samaki mchangani, panahitajika kengele ya kanisa, kipaza sauti cha msikiti, na watu wanaoaminiwa. Nabii Ezekieli aliambiwa kwamba mlinzi akiuona upanga asipige tarumbeta, damu itatakwa mkononi mwake (Ezekieli 33). Mwambaoni, mlinzi huyo hawezi kuwa wa dini moja. Mchungaji na imamu wanapaswa kupatana mapema ni nani atapiga kengele na watu watakimbilia wapi.

Tunapendekeza sharika zote za mwambao, kuanzia zile za Tanga na Pangani hadi Mtwara, zifanye walichofanya mapadre wa Ureno. Wazee walioiona bahari ya tarehe 26 Desemba 2004 wangali hai, lakini zaidi ya miaka 20 imepita na wanapungua. Waulizwe: maji yalirudi kwanza au yalipanda kwanza? Ilikuwa saa ngapi? Yalifika mti gani, nyumba gani? Wasiulizwe Wakristo peke yao. Majibu yaandikwe na kutunzwa pamoja na vitabu vya ubatizo na mazishi, maana hivyo ndivyo vitabu tusivyovitupa. Na nakala zipelekwe kwa wanaochora ramani.

Torati ilimwagiza mtu anayejenga nyumba mpya kuzungushia dari yake ukuta mdogo, ili asijiletee hatia ya damu mtu akianguka kutoka juu (Kumbukumbu la Torati 22:8). Sheria hiyo haisemi kwamba Mungu ameshindwa kumshika anayeanguka. Inamwambia mwenye nyumba kwamba jirani yake atapanda darini siku moja, usiku pengine, na kwamba kipimo cha ukuta ule ni sehemu ya ibada yake. Watu wa mwambao wanapanda dari hiyo kila siku waendapo kuvua. Ukuta wao bado haujakamilika, na baadhi ya matofali yake yako katika kumbukumbu za wazee wa sharika zetu.